Gramu Mbili na Kitufe cha Ukumbi

Shemeji yangu ni mkaguzi wa mizani. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe huanza nalo, hata akiwa msibani. Kazi yake ni kuzunguka madukani na sokoni na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kuanzia la kilo tano mpaka kijiwe cha gramu moja ambacho hushikwa kwa kibano. Anayapanga juu ya mizani za watu, kisha anawaambia kama mizani zao zinasema kweli au zinadanganya. Mizani ikipita anaibandika stika na kuibana lakiri kwa koleo. Isipopita anaichorea msalaba mwekundu, na mwenye duka anabaki kushika kichwa. Siku moja aliikataa mizani ya mjane muuza unga kwa tofauti ya gramu mbili, na tangu siku hiyo soko zima linamwita Gramu Mbili. Analijua jina hilo, na anaona ni sifa.

Mimi ni fundi cherehani. Sina ugomvi na watu wa vipimo, maana mimi mwenyewe nashinda na tepu shingoni. Lakini nikipima kiuno cha mteja nikapata namba ya ajabu, napima tena, huenda tepu imejikunja mgongoni. Gramu Mbili hajapima kitu mara ya pili maishani mwake. Mawe yake ni sahihi, mkono wake ni sahihi, na chochote kisicholingana navyo ni kibovu. Nyani haoni kundule, lakini huyu hata kuambiwa kwamba analo hataki.

Mdogo wangu ndiye aliyeolewa na mtu huyo. Walipata pacha, ndiyo maana anaitwa Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe siku hizi wana ndevu na wanaishi mji mwingine. Mama Pacha anapokea simu za dharura kwenye kituo cha magari ya wagonjwa. Anavaa hedifoni asubuhi, anakaa mbele ya ramani kubwa ya mji, na kila simu inayoingia ni mtu anayelia, anayehema au anayepiga kelele kwa watu wengine badala ya kuzungumza na yeye. Anauliza, "Uko wapi? Karibu na nini? Mlango wa rangi gani?" Amefanya hivyo miaka kumi na minane. Hajawahi kupeleka gari kwenye mlango usio wenyewe.

Mama Pacha huyo, wiki niliyofika kwao, alikuwa na barua ya kuacha kazi ndani ya mkoba wake, na alikusudia kuikabidhi Jumatatu. Sababu iliyoandikwa ni kwamba amekuwa kiziwi.

Mimi nilikuwa sijui. Nilikwenda kwao kwa sababu nyumba yangu ilikuwa inaezekwa upya, na fundi wa bati aliniambia siku tatu, nikajua ni wiki mbili. Nikabeba cherehani yangu nikaiweka barazani kwao. Jioni ya kwanza, baada ya chai, nikaingia sebuleni kuangalia taarifa ya habari.

"Sebule ni ya wapangaji, shemeji," Gramu Mbili akanisahihisha kabla sijakaa. "Mwenye nyumba ana ukumbi."

Ukumbi wenyewe ulikuwa hatua tano kwa sita, nilizihesabu. Sakafu ya vigae, makochi mawili, meza ya kioo, na juu ya meza ya kioo hakuna ruhusa kuweka kikombe. Kila pembe ilikuwa na spika ndogo juu ya mguu wa chuma, ya tano ilikuwa chini ya televisheni, na kando ya mlango kulikuwa na besi kubwa kama stuli, ambayo mgeni akiisahau anajigonga ugoko. Vyote hivyo vilikuwa vinaamriwa na risiva, kisanduku cheusi chenye vitufe usoni, ambacho kazi yake ni kuchukua sauti ya televisheni na kuigawa kwenye spika. Alikinunua miaka sita iliyopita. Televisheni yenyewe ina spika zake, lakini alizizima siku hiyo hiyo akasema ni za watu wasiojua kusikiliza.

"Risiva hii ina modi kumi na moja," akaniambia, amesimama katikati ya chumba na rimoti mkononi kama anaapishwa. "Watu wanazo majumbani na hawazijui. Wanabonyeza tu, kama kuku anavyodonoa."

Akanifundisha. Modi ya Uwanja ni ya mpira. Modi ya Kanisa ni ya ibada na harusi. Modi ya Sinema ni ya filamu, lakini si filamu zote, ni zile zilizoonyeshwa kwanza kwenye majumba ya sinema, na yeye anazijua. Modi ya Moja kwa Moja ni ya matangazo ya moja kwa moja tu. Ukiiweka kwenye kitu kilichorekodiwa unaichanganya mashine, na mashine ikichanganyikiwa inaungua.

"Na taarifa ya habari?" nikauliza. "Si inasomwa moja kwa moja?"

Alinitazama kwa huruma. "Shemeji, habari yenyewe si imeshatokea?"

Akainua rimoti tena.

"Sasa. Hapa tulipo ni wapi?"

"Sebule... ukumbini."

"Ukumbini. Kwa hiyo modi ya kila siku ni ipi?" Akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, na kile kisanduku kikaandika neno lake la kigeni. "Ukumbi."

Nakiri kwamba nilitikisa kichwa kukubali. Ujinga ukisemwa kwa sauti nzito hufanana sana na elimu, na yeye sauti nzito anayo.

Kisha msomaji wa habari akafungua mdomo. Wallahi nilidhani amesomea habari ndani ya tangi la maji. Kila neno lilitoka mbele, likazunguka nyuma, likarudi likakutana na mwenzake, yakagongana. Besi ilikuwa inanguruma hata mtu akisema "asanteni". Nilisikia "serikali", au "shirikisho", au labda "shika hili". Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, shingo ameinyoosha mbele, kiganja nyuma ya sikio, kama bibi kizee. Ana miaka arobaini na minne.

"Amesema nini?" akamuuliza mumewe.

"Amesema sukari itaadimika," akajibu Gramu Mbili bila kugeuza kichwa.

"Na huyo?"

"Huyo anapinga." Kisha akanigeukia mimi, huku akitabasamu. "Unaona, shemeji? Kila siku nafanya kazi ya ukalimani nyumbani kwangu. Sikio la kufa halisikii dawa."

Methali hiyo niliisikia mara nne jioni ile. Na kila alipoisema, mdogo wangu aliinamisha uso akatazama mikono yake. Mimi mwenyewe sikuwa nimesikia kitu, lakini nilijiambia ni uchovu wa safari. Hapo nilikosea, na nalisema wazi: niliona aibu kusema sisikii. Hata wageni wao nimekuja kujua walikuwa hivyo hivyo. Walikuwa wanasema, "Ah, sauti inajaa nyumba," wanakunywa chai haraka, wanaaga.

Habari ya barua mdogo wangu aliniambia siku ya tatu, jikoni, tukiosha vyombo.

"Jumatatu naacha kazi, dada."

Sahani nusura iniponyoke. "Umepata nyingine?"

"Masikio yameisha." Alisema hivyo kwa utulivu, akiifuta sufuria iliyokwisha kukauka. "Baba Pacha ameliona zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nabisha."

"Kazini umewahi kukosea kusikia?"

"Bado. Ndicho ninachoogopa."

"Sasa unasikiaje simu za watu wanaolia, halafu hapa husikii mtu anayesoma taratibu?"

"Kazini wanapiga kelele, na hedifoni ziko ndani ya sikio. Baba Pacha amenieleza." Akaweka sufuria chini. "Na si kweli kwamba sijakosea. Mwezi uliopita nimekosea."

Akanisimulia. Jioni moja taarifa ya habari ilisema daraja la mtoni limefungwa kwa matengenezo. Kesho yake zamu yake ikapata simu ya mzee aliyebanwa kifua, ng'ambo ya mto. Mama Pacha akamwambia dereva azunguke kwa njia ya juu kwa sababu daraja limefungwa. Dereva akazunguka, dakika kumi na nane zaidi. Mzee alipona, Mungu saidia, lakini dereva alirudi na hasira, maana daraja lilikuwa wazi, magari yanapita kama kawaida. Mkuu wa zamu hakumwandikia onyo. Alimwambia tu apumzike. Lakini mdogo wangu hakulala usiku huo.

"Ningekuwa nimeua mtu," akasema. "Kwa sababu ya masikio."

"Hospitali umekwenda?"

Alikwenda. Muuguzi alimfungia kwenye kijumba chenye kioo, akamvalisha hedifoni, akampigia milio midogo midogo, naye akawa anabonyeza kitufe kila akisikia. Muuguzi akasema masikio yako ni ya msichana. Gramu Mbili alikuwa amemsindikiza. Akaizunguka ile mashine ya kupimia, akachungulia nyuma, akachungulia chini, akauliza, "Hiki kipimo kimekaguliwa na nani? Lakiri yake iko wapi?" Muuguzi hakuelewa swali. Basi Gramu Mbili akamshika mkewe mkono wakatoka, na njiani akamweleza kwamba kipimo kisicho na lakiri ni pambo.

Sijui niseme nini juu ya mtu wa namna hiyo. Namna yake naijua, huja kwangu kushona suruali ya kiuno cha ujana wake, na ikimbana husema nimeikata vibaya.

Barua aliiandika Gramu Mbili mwenyewe. Mdogo wangu alinionyesha. "Kwa kuwa masikio yangu yamepoteza usahihi na hayafai tena kwa matumizi ya umma." Hivyo ndivyo anavyoandika kuhusu mizani ya nyanya. Kilichobaki ni msalaba mwekundu tu.

Nilimwambia mdogo wangu asiipeleke. Akanijibu kwa upole kwamba mimi nashona nguo, nikikosea napasua mshono, na yeye akikosea hakuna cha kupasua. Ndipo nikaelewa kwamba hatanisikiliza mimi wala mtu mwingine, kwa sababu alikuwa anaacha kazi hiyo kwa kuipenda.

Ijumaa jioni ndipo damu iliponichemka. Tulikuwa ukumbini, hicho anachokiita ukumbi, na kwa bahati mbaya nikaropoka, "Amesema nini?" Gramu Mbili akapiga goti lake kofi kwa furaha.

"Nilijua! Ni ya ukoo! Mama yenu naye alikuwa hivyo hivyo. Nyinyi mna masikio ya urithi."

Mama yetu alifariki akiwa na miaka themanini na moja, na wiki moja kabla ya kufa alimsikia jirani akimsengenya kutoka upande wa pili wa ukuta, akamjibu. Nilinyanyuka nikaenda kulala na jua halijazama vizuri. Nilipofika kitandani nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza jioni ya kwanza. Ikiwa mimi sisikii, na mdogo wangu hasikii, na hakuna hata mmoja wetu aliye kiziwi, kibovu ni nini?

Asubuhi ya Jumamosi wote wawili walikwenda kazini, yeye sokoni na sanduku lake, mdogo wangu zamu yake ya mwisho kabla ya Jumatatu. Rimoti Gramu Mbili huifungia ndani ya sanduku la mawe akitoka. Anatembea nayo mji mzima, pamoja na gramu zake, ili mkewe asije akabonyeza. Alichosahau ni kwamba kisanduku chenyewe kina vitufe usoni.

Kwanza nikatafuta kitabu cha maelekezo. Kilikuwa chini ya televisheni, ndani ya mfuko wa plastiki, kimetunzwa kama cheti cha ndoa. Kimeandikwa kwa lugha nane na yetu haimo. Gramu Mbili alikuwa amekaa nacho na kamusi, akatafsiri pembeni kwa penseli, neno moja moja, kwa mwandiko wake wa ofisini. Penye neno holi aliandika: "Ukumbi. (HAPA.)" Akapigia mstari mara mbili. Penye neno dairekti aliandika: "Moja kwa moja. Matangazo tu. HATARI." Hiyo hatari kaitoa wapi sijui, kitabuni haimo.

Mimi lugha hiyo siijui sana, lakini miaka ishirini ya kusoma maelekezo ya vitambaa na mishono imenipa maneno kadhaa. Pembeni mwa holi kulikuwa na picha. Jumba kubwa, viti kama elfu, roshani juu ya roshani, na kule mbali jukwaani watu wadogo wanapiga vinanda. Chini yake nikatambua neno la mwangwi. Nikakaa chini kwenye vigae. Kitufe kile hakiulizi umekaa chumba gani. Kitufe kile kinachukua chumba chako na kukijaza mwangwi wa jumba la watu elfu, kama unataka muziki usikike hivyo. Na huyu bwana alikuwa amekitia miaka sita kwenye taarifa ya habari, hatua tano kwa sita, kwa sababu kamusi ilimwambia ukumbi na yeye hana sebule.

Na dairekti, nilivyoisoma polepole kwa kidole, ilisema tu kwamba sauti itapita kama ilivyokuja, bila kuongezwa kitu.

Nikawasha. Nikabonyeza kitufe cha modi, likapita neno la Uwanja, likapita la Kanisa, mpaka likaja neno lile la hatari. Mwanamke alikuwa anatangaza sabuni. Nikamsikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kusema bei. Kisanduku hakikuungua.

Mama Pacha alirudi saa saba kasoro. Sikumwambia kitu. Nilimkalisha kwenye kochi, nikamgeuza uso uelekee ukutani, nikapunguza sauti mpaka mimi mwenyewe nikawa natega sikio, nikamwambia arudie kila anachosikia. Taarifa ya mchana ikaanza. Akarudia. "Wauguzi wapya mia mbili na kumi wameajiriwa. Wataanza kazi mwanzoni mwa mwezi ujao." Akarudia habari ya saruji. Akarudia jina la mwandishi na la mpiga picha wake. Alipofika hali ya hewa akanyamaza, nikadhani ameshindwa. Kumbe analia.

Nikamwonyesha kitabu, picha ya jumba, penseli ya mumewe. Nilitegemea ataruka kwa furaha, au atamtukana mume wake, na nilikuwa tayari kumsaidia kwa lolote kati ya hayo mawili. Badala yake akauliza kitu ambacho mimi, na ukali wangu wote, kilikuwa hakijanipitia akilini.

"Ile habari ya daraja, aliisikia nani?"

"Si wewe uliyenieleza?"

"Mimi sikusikia kitu, dada. Mimi niliuliza amesema nini. Baba Pacha ndiye aliyesema limefungwa."

Tukatazamana.

"Picha ilikuwa ya daraja," akasema polepole, "na mafundi wenye kofia."

Taarifa ya mchana hurudiwa saa tisa, neno kwa neno. Saa tisa kasoro Gramu Mbili akafika, akavua viatu, akaweka sanduku lake mahali pake. Mdogo wangu alikuwa ameshairudisha risiva kwenye Ukumbi, sauti juu, kama kawaida. Akamletea maji ya kunywa. Akakaa ukingoni mwa kochi kama siku zote, na mimi nikakaa mlangoni na nguo ya mteja mapajani, nikijifanya napindia.

Habari zikaanza, na lile tangi la maji likaanza kunguruma. Picha ikaonyesha hospitali, wauguzi wamepanga mstari nje na karatasi mikononi.

"Amesema nini?" akauliza Mama Pacha.

"Mgomo," akasema Gramu Mbili. "Wauguzi wamegoma."

Picha ikaonyesha mifuko imepangwa boharini.

"Na hapo?"

"Sukari. Si nilikuambia itaadimika? Imepatikana, imefichwa."

Ilikuwa saruji. Nilijichoma sindano kidoleni, nikakinyonya, nikaendelea kunyamaza, na kwa kunyamaza kwangu siku hiyo nilistahili kulipwa.

Mdogo wangu akainuka. Akaenda mpaka kwenye kisanduku, akabonyeza kitufe, mara moja, mara mbili, mara tano. Gramu Mbili akaruka kutoka kwenye kiti.

"Acha! Hiyo imerekodiwa! Utaiunguza!"

Sauti ikanyooka. Msomaji akawa chumbani pamoja nasi, anasema kwa lugha inayoeleweka na kila mtu kwamba saruji hiyo ni ya kujengea shule nne. Gramu Mbili alisimama mkono hewani. Niliuona uso wake ukipima, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ukipima mara ya pili.

Unajua alisema nini? Aliushusha mkono, akasema, "Basi masikio yako yamepona."

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nguo ya mteja ikaanguka. Mtu anaona ni rahisi zaidi kutangaza muujiza kuliko kusema nimekosea! Lakini mdogo wangu hakucheka.

"Wauguzi hawajagoma," akamwambia. "Wameajiriwa. Tumeisikia saa saba. Daraja halikufungwa. Lilikuwa limefunguliwa."

"Niliteleza siku ile..."

"Hukuteleza. Ulikuwa husikii. Ulikuwa unatazama picha."

Gramu Mbili alitazama risiva, akatazama sanduku lake la mawe, akanitazama hata mimi, kana kwamba mimi nitamtetea. Kisha akakaa. Sauti ile nzito ikawa imekwenda, ikabaki nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia.

"Nilidhani ni mimi," akasema. "Nilidhani masikio yangu ndiyo yanayokwisha. Nikaogopa. Halafu nikaona na wewe husikii, ukawa unaniuliza mimi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikaona heri yawe yako."

Nawaambia ukweli, nilikuwa na maneno ya wiki nzima, nimeyanoa barazani huku nikikanyaga cherehani. Juu ya mzee wa ng'ambo ya mto. Juu ya mama yetu. Juu ya barua ile, ambayo aliiandika akijua kwamba yeye mwenyewe hasikii. Nikafungua mdomo, lakini mdogo wangu akaniwahi. Hakupandisha sauti. Alitumia ile sauti ya kazini, anayotumia kwa watu walioshika simu kwa mikono miwili na kutetemeka.

"Ungeniambia tu, Baba Pacha," akasema. "Tungekwenda hospitali wote wawili, siku moja."

Kisha akafungua mkoba, akatoa barua, akaichana vipande vinne, akaenda jikoni kuvitupa.

Gramu Mbili akaanza kulia pale alipokaa, mikono juu ya magoti. Nilimtazama mpaka alipomaliza, na huruma niliitafuta kweli, sikuipata.